Visanamu vya mashujaa vya sentimita kumi: kununua, kutengeneza na kukagua ukiwa Nairobi

Kisanamu kidogo cha shujaa huuzwa kwa uso wake lakini hudumu kwa viungo vyake. Uso mbaya unauona siku ya kwanza, unaukubali au unaukataa. Nyonga ikilegea, Spider-Man hachuchumai tena, Superman haruki, na pesa yako imebaki kuegemezwa ukutani. Kwa hiyo mwongozo huu unaanzia kwenye viungo na kurudi hapo kila mara, tangu unapopekua gunia kwenye soko la mitumba la Gikomba hadi unapoandika tathmini ya kusomwa na wengine.

Amua kipimo kwanza

Wakusanyaji hupima kwa inchi. Vidogo tunavyozungumzia ni vya inchi 3.75, yaani sentimita 9.5 hivi, na kipimo chake ni 1:18. Zidisha 9.5 mara 18 upate sentimita 171, urefu wa mtu wa kawaida. Vya inchi 6 ni kipimo cha 1:12. Ukivichanganya kwenye rafu moja, Batman wa inchi 6 atamfanya Hulk wa inchi 3.75 aonekane mtoto, na hakuna mpangilio utakaoficha hilo.

Kipimo hiki kidogo kilienea baada ya kampuni ya Kenner kutoa visanamu vya Star Wars mwaka 1978, kisha Hasbro ikakitumia kwa G.I. Joe mwaka 1982. Kwa upande wa mashujaa, mwaka 1984 Mattel ilitoa mfululizo wa Secret Wars na Kenner ikatoa Super Powers, vyote vikiwa virefu kidogo kuliko inchi 3.75. Mwaka 2008 Mattel ilileta DC Infinite Heroes, na 2009 Hasbro ikaanza Marvel Universe. Miaka hii ina faida kwako unaponunua. Kisanamu cha 1984 kina viungo vichache na usitegemee kikunje kiwiko kama cha 2009. Tena vile vya Super Powers vina mtambo ndani: kwa baadhi yao, ukibana miguu, mikono hurusha ngumi. Mtu asiyejua hudhani mkono umekwama, anaulazimisha, na mtambo unavunjika kifuani ambako huwezi kufika bila kukipasua.

Pa kununua, na cha kukagua hapohapo

Vitu vya watoto vya mitumba hufika Gikomba na Toi vikiwa vimechanganywa: magari, wanasesere, vipande vya Lego, na katikati yake mashujaa bila silaha zao. Kama ilivyo kwa nguo, mali ya kamera (ile bora) huondoka mapema na alasiri hubaki fagia (mabaki). Mwulize mwenye kibanda siku anayofungua mzigo, ufike asubuhi. Omba ruhusa kabla ya kupekua: "Mama, naomba nimwage hili gunia nichague, nitarudisha kila kitu." Ukipata vinne, vijumlishe na uulize bei ya mwisho ya vyote, kimoja kimoja utalipa zaidi.

Ukaguzi wa kibandani uchukue nusu dakika tu. Shika kifua kwa vidole viwili ukitikise kidogo. Miguu ikining'inia kama nguo kwenye kamba, nyonga zimeisha, na hilo ni tatizo unaloweza kulitengeneza. Sukuma kila kifundo cha mkono kwa upole. Vigingi vya mikono (vijiti vinavyoshikilia viungo) kwenye kipimo hiki vina unene wa milimita 2 hivi na ndivyo huvunjika kwanza. Angalia nyuma ya goti na ndani ya kiwiko kama plastiki imeweka mstari mweupe. Mstari huo ni dalili kwamba plastiki imeanza kupasuka, na hakuna gundi itakayourudisha uimara wake. Mwisho, tazama mgongoni: tundu tupu mara nyingi humaanisha joho, mabawa au mkoba umepotea. Kiungo kikikataa kuzunguka, kiache. Usikijaribu kwa nguvu mbele ya mwenye mali, kikikatika umekinunua.

Vipya vya bei nafuu viko Kamukunji na Eastleigh, na vingi ni nakala. Vyenye leseni utavipata zaidi kwenye maduka ya vitu vya watoto katika majumba kama Sarit na Village Market, kwa bei ya juu. Maonyesho ya NAICCON, ya wapenzi wa vibonzo na mashujaa, ni mahali pazuri pa kukutana na wakusanyaji wengine na kubadilishana ulivyonavyo viwili viwili.

Ukinunua kwa mtu mtandaoni, picha ya mbele haitoshi. Omba tatu: nyayo, mgongo, na uso kutoka karibu. Omba pia video ya sekunde 15 akikunja magoti yote mawili. Kutaneni ndani ya jengo lenye watu, kikague, ndipo ulipe kwa M-Pesa. Muuzaji anayesisitiza utume kwanza, tena "na ya kutoa" (ada ya kutoa pesa), kabla hujakiona, mwache.

Kumtambua feki

Nakala inaweza kukaa kwenye rafu yako bila aibu ukijua ni nakala. Kosa ni kuilipia bei ya halali, na kosa kubwa zaidi ni kuiandikia tathmini kana kwamba ndiyo.

Anza na kadi, yaani karatasi ngumu ambayo kisanamu kipya hufungiwa juu yake. Batman, Superman na Wonder Woman ni mali ya DC. Spider-Man, Iron Man na Black Panther ni wa Marvel. Hizo ni kampuni mbili zinazoshindana. Kadi mpya yenye Batman na Spider-Man pamoja ni feki karibu kila mara, hata uchapishaji uwe safi namna gani. Kisha soma maandishi madogo ya nyuma: jina la mtengenezaji, mwenye haki, nchi kilikotengenezwa, onyo kuhusu umri. Nakala huacha hayo au huyaandika kwa makosa ya tahajia.

Kisanamu chenyewe kikiwa nje ya kadi, kigeuze. Chenye leseni huwa na alama ya haki na mwaka kwenye unyayo, nyuma ya paja au mgongoni. Kumbuka tu kwamba mwaka huo ni wa haki ya kiwiliwili, si lazima uwe mwaka kilipouzwa. Kampuni hutumia kalibu moja ya mwili kwa miaka mingi na kubadilisha kichwa na rangi, kwa hiyo mashujaa watatu tofauti wanaweza kuwa na mwaka mmoja.

Dalili nyingine ni mshono wa kalibu unaokwaruza kidole pembeni mwa paja, mikono miwili ya upande mmoja, na rangi ya macho iliyohama hadi kwenye nyusi. Harufu pia husema. Plastiki ya nakala nyingi hunuka kama petroli au mipira mipya ya viatu, na harufu hiyo haiishi baada ya siku mbili za kuianika. Kisanamu cha namna hiyo usimpe mtoto anayeweka vitu mdomoni, kwa sababu rangi na vilainishi vyake (kemikali za kulainisha plastiki) havijulikani. Stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, ya bidhaa zinazoagizwa inahusu viwango. Haithibitishi kwamba kisanamu ni cha kampuni iliyoandikwa kwenye kadi, na wanunuzi wengi huchanganya mambo hayo mawili.

Hesabu ya kuagiza nje

Bei ya dukani Marekani haisemi chochote mpaka uongeze safari. Kampuni za kusafirisha hutoza kwa uzito au kwa ukubwa, chochote kilicho kikubwa zaidi. Ukubwa mara nyingi hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kina kwa sentimita kisha kugawa kwa 5,000. Tuseme kadi ina sentimita 23 kwa 15 kwa 4: jibu ni kilo 0.28, ilhali kisanamu chenyewe hakifiki hata gramu 50. Umelipia hewa. Kwa hiyo, kama huhitaji kadi, mwombe muuzaji akitoe na kukifunga kwenye karatasi laini. Vitano vilivyotolewa hivyo huingia kwenye nafasi ya kimoja.

Upande wa forodha, ushuru hutozwa juu ya bei ya bidhaa pamoja na usafiri na bima. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 hutozwa juu ya jumla iliyokwisha kuongezwa ushuru. Kwa mfano, mzigo ukigharimu shilingi 4,000 hadi hapa na ushuru ukiwa asilimia 25, jumla ni 5,000 na VAT ni 800, kabla ya ada nyingine ndogondogo za uagizaji. Hesabu hii iandike pembeni. Utaihitaji kwenye tathmini.

Kuosha

Maji ya vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, mswaki laini wa zamani, dakika kumi za kuloweka. Sugua kwa kufuata mstari wa misuli, hasa kwapani na nyuma ya magoti ambako uchafu hujificha. Kisanamu chenye betri au sauti usikiloweke. Kifute kwa kitambaa chenye unyevu. Usitumie kiondoa rangi ya kucha: asetoni huyeyusha rangi na baadhi ya plastiki ndani ya sekunde. Baada ya kuosha, kitikise, kunja na kunjua kila kiungo mara kadhaa maji yatoke, kisha kiache kivulini saa 24. Baadhi ya viungo vina pini ya chuma ndani, nayo hushika kutu ukikirudisha rafuni kikiwa na maji.

Kisanamu kinachonata hata baada ya kuoshwa kimetoa kilainishi chake. Hii huwapata sana vilivyofungiwa kwenye mifuko ya plastiki. Kioshe tena kwa sabuni, kikaushe, na kiache mahali penye hewa.

Viungo: vilivyokwama, vilivyopinda, vilivyolegea

Kiungo kipya kilichokwama mara nyingi kimegandishwa na rangi ya kiwandani iliyoingia kwenye bawaba. Ukikizungusha kwa nguvu, rangi haiachii. Kinachokatika ni kigingi. Dawa ni joto. Nairobi iko karibu mita 1,795 juu ya usawa wa bahari na maji yake huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, lakini hata hizo ni nyingi kwa rangi. Chemsha, mimina kikombeni, subiri dakika mbili, kisha tumbukiza mguu au mkono peke yake kwa sekunde 30. Utoe, ushike sehemu mbili zilizo karibu kabisa na kiungo (si mkono na kichwa), na uuzungushe milimita chache kwenda na kurudi. Utasikia mlio mdogo wa rangi ikiachia. Ukisikia hakuna kitu na kiungo kinaanza kujinyonga kama mpira, acha, rudia joto. Mizunguko mitatu ya kuloweka ni bora kuliko mkono uliokatika.

Njia ya baridi nayo inafaa mahali ambapo rangi ni dhaifu: weka kisanamu friza dakika 20. Kigingi husinyaa kidogo na kuachia. Ila plastiki baridi hukatika upesi, basi mkono wako uwe mwepesi zaidi. Hata bila friza, asubuhi za Julai viungo vigumu hukataa kuliko vinavyokataa Februari. Vishike kiganjani dakika kadhaa kabla ya kuvikunja.

Mguu uliopinda kwa kubanwa kwenye gunia hunyooshwa kwa joto hilohilo. Ukitoka majini ukiwa laini, unyooshe, uushikilie hivyo, kisha uuzamishe kwenye maji baridi kwa dakika mbili huku bado umeushika. Ukiuachia kabla haujapoa, utarudi ulivyokuwa. Upanga na mkuki vinahitaji sekunde kumi tu za maji ya moto.

Kiungo kilicholegea hutengenezwa kwa kuongeza unene kidogo kwenye tufe (kichwa cha mviringo cha kiungo) au kigingi. Changanya gundi nyeupe ya mbao na maji kwa kiasi sawa, itie kwa ncha ya kijiti cha meno ndani ya kiungo, kisha zungusha kiungo mara moja kila dakika tano kwa nusu saa ya kwanza. Usipozungusha, itashika kama saruji. Iache ikauke hadi kesho yake. Haijatosha? Ongeza tabaka la pili. Gundi hii ina faida moja kubwa: ukikosea, maji ya vuguvugu huiondoa. Supaglu hukaza zaidi, lakini itie tu kwenye tufe lililotolewa nje kabisa, tabaka jembamba, na usilirudishe mpaka likauke kabisa. Watu wengi wamegandisha bega la shujaa wao likiwa limeinuliwa juu milele kwa kukosa subira ya saa moja.

Kigingi kilichokatika hurudishwa kwa waya. Toboa pande zote mbili kwa keekee ya milimita 1 inayozungushwa kwa vidole, kwa kina cha milimita 4 hivi. Ingiza kipande cha kibanio cha karatasi, jaribu bila gundi kwanza, ndipo utie gundi upande mmoja tu ili upande wa pili uendelee kuzunguka.

Kukagua kwa maandishi

Tathmini iwe na vitu ambavyo msomaji wa mtaa wa Umoja au wa Rongai anaweza kuvirudia mwenyewe akapata jibu lilelile. Vifaa ni rahisi: rula, mizani ya jikoni, na protrakta ya seti ya jometri ya shule.

Pima urefu kutoka unyayo hadi utosini, na masikio ya Batman yahesabiwe kando. Hesabu viungo, ukieleza unavyohesabu. Bega linalozunguka na pia kuinuka wengine hulihesabu mara moja, wengine mara mbili, na hapo ndipo tathmini mbili za kisanamu kimoja hupishana. Weka protrakta pembeni mwa kiwiko na goti uandike nyuzi. Kiwiko chenye bawaba moja hufika karibu nyuzi 90. Chenye bawaba mbili huzidi hapo.

Kisha mpime kila shujaa kwa kazi yake. Superman lazima ainue kichwa atazame mbele akiwa amelala hewani. Shingo ikikataa, mapaja mazuri hayamsaidii. Spider-Man lazima achuchumae mpaka makalio yakaribie visigino na vidole vya miguu viguse meza. Captain America ashike ngao huku mkono umekunjwa mbele ya kifua bila ngao kuanguka. Black Panther, je, anaweza kupiga goti moja chini mkono mmoja ukigusa sakafu? Kuwapa wote alama za jumla za "viungo 8 kwa 10" ni kuficha habari ambayo msomaji aliijia.

Jaribio la kusimama lifanye mezani, si kwenye kitambaa: miguu sambamba, bila kisimamio, dakika kumi. Halafu hatua moja mbele, dakika kumi nyingine. Silaha iingize na kuitoa mkononi mara 20. Vidole laini hufunguka na baada ya hapo haishikiki tena, jambo ambalo jaribio la mara moja halionyeshi. Rangi itazame mara mbili, kwa umbali wa sentimita 30 kama itakavyoonekana rafuni, kisha kwa kioo cha kukuza. Uso uliochapishwa huonyesha vitone vidogo, uliopakwa huonyesha kingo. Vyote viwili vinaweza kuwa vizuri. Sema tu ni upi.

Lugha ya tathmini iwe ya kitu kinachoonekana. "Viungo ni vizuri" haisemi lolote. Afadhali: "Goti la kushoto lilifika nyuzi 95, la kulia 80 kwa sababu rangi nyekundu imeingia kwenye bawaba, baada ya sekunde 30 za maji ya moto yalilingana, ila bawaba imeacha mkwaruzo mweupe upande wa nje." Msomaji amejua tatizo, dawa, na gharama ya dawa.

Taja bei uliyoilipa mpaka kisanamu kikafika mkononi: bidhaa, usafiri, kodi, hata boda. Kitu kizuri kwa shilingi 1,500 kinaweza kuwa hasara kwa 4,500, na msomaji wa Nairobi analipa hiyo ya pili. Sema kama ulikinunua au ulipewa.

Picha hazihitaji kamera ya gharama. Kunja karatasi ya manila ya kijivu iwe sakafu na ukuta bila kona, iweke pembeni mwa dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, na simamisha manila nyeupe upande wa pili irudishe mwanga kwenye kivuli. Shusha simu hadi usawa wa kifua cha kisanamu, rudi nyuma nusu mita na ukuze mara mbili. Ukisogea karibu sana kichwa huvimba na miguu husinyaa. Piga mbele, mgongo, pande mbili, nyayo, na moja yenye rula pembeni.

Kabla ya kuchapisha, kiache wiki mbili rafuni kikiwa kimesimama, mbali na jua la dirishani ambalo hapa kwetu huchubua nyekundu na kugeuza nyeupe kuwa njano mwaka mzima. Majoho laini yasilalie kisanamu kingine, maana kilainishi huhama na kuacha doa linalonata. Baada ya wiki hizo mbili rudia vipimo vitatu tu: nyuzi za magoti, kusimama dakika kumi, na silaha mkononi. Andika namba za mwanzo na za mwisho bega kwa bega. Kifundo cha mguu kilichoshindwa kipindi hicho kifupi kitaje kwenye sentensi ya kwanza ya tathmini, juu ya picha, mahali ambapo mtu anayetaka kununua leo jioni atakiona kabla ya kutuma pesa.